Marehemu Ndiye Mwenyeji

Nchi yetu ya Bashasha, kama hujawahi kuiona kwenye ramani, usijilaumu. Hata sisi tunaoishi humo kuna siku tunaamka na kuitafuta. Lakini lipo jambo moja ambalo hatushindwi na taifa lolote, nalo ni kuzika. Barabara zetu zina mashimo ya kufugia kambale, maji ya bomba hutoka kwa kushtukiza, lakini afe mtu mwenye jina hapa kwetu, uone! Maturubai yanachomoza kama uyoga, zulia jekundu linatandikwa mpaka mlangoni kwa jirani asiyehusika, na waheshimiwa ambao hatujawaona tangu uchaguzi wanajitokeza na miwani myeusi, wanalia kwa zamu. Ndiyo maana tuna Wizara nzima ya Misiba, Sherehe na Mapokezi. Wizara ya Afya bado tunaijadili.

Ndani ya wizara hiyo alikuwamo Anakleti Mbwilo, Afisa Itifaki Mwandamizi Daraja la Pili, mtu wa makamo, mwembamba, mwenye suti moja nyeusi iliyohudhuria misiba mingi kuliko padri yeyote. Kazi yake ilikuwa kujua nani akae wapi. Mfunge kitambaa machoni, mpitishie waheshimiwa mmoja mmoja, naye kwa harufu ya manukato tu atakwambia huyu ni wa sofa, huyu ni wa kiti cha mbao chenye mto, na huyu wa plastiki, tena kile kilichopasuka mgongoni. Kipaji hicho alikuwa anajivunia, maskini, kama watu wengine wanavyojivunia kitambi.

Misiba yote mikubwa ya taifa alikuwapo, ila kaburi hakuwahi kuliona. Wenzake wakirusha udongo, yeye yuko nyuma ya jukwaa anamtafutia kiti balozi aliyekuja bila taarifa, au amemshikia mheshimiwa fulani chupa ya maji na miwani ya akiba. Akirudi nyumbani mkewe humuuliza, "Maziko yalikuwaje?" Naye hujibu bila hata chembe ya aibu, "Viti vilitosha."

Sasa akafa Baba Askofu Leodegari wa Ndapasi, na safari hii nchi ikaumia kweli.

Baba Leodegari alipendwa bila kutangazwa redioni. Alikuwa mtu mfupi, na mahubiri yake yalikuwa mafupi kumzidi yeye mwenyewe. Alisema lake moja, likakuingia, kisha akafunga kwa maneno yaleyale kila Jumapili: "Basi, wanangu. Jua limepanda. Nendeni mkale." Kanisa zima huitikia, "Haya, Baba!" na hapo hakuna wa kuwazuia tena. Mkuu wa mkoa mmoja aliwahi kusimama baada ya maneno hayo ili atoe salamu za serikali. Alizitoa zote, ila aliyatolea mabenchi.

Anakleti ni mtoto wa Ndapasi. Akiwa mdogo, Baba Leodegari, enzi hizo padri wa parokia, ndiye aliyempa kazi yake ya kwanza ya kupanga mabenchi ya kanisa. Laiti Baba angejua! Hapo ndipo alipoharibikia.

Baba alipokuwa mgonjwa, Anakleti alikwenda kumwona. Alimkuta kitandani, amebaki macho na tabasamu. Akamwamkia, akaweka maji ya matunda mezani, na kabla hajauliza hali akaanza kuvinyoosha vigoda vya wageni viwe mstari mmoja. Baba akacheka mpaka akakohoa.

"Anakleti."

"Naam, Baba."

"Siku yangu ikifika, utakuja?"

"Nitakuja, Baba. Nitahakikisha kila kitu kimekaa..."

"Sikukuuliza kila kitu. Nakuuliza kama utakuja kunizika. Usije ukanipangia viti, mwanangu. Njoo na mkono wako, chukua udongo, unizike kama wenzako."

Anakleti aliinua mkono wa kulia, wa kushoto bado umeshika kigoda. "Nitakuzika, Baba. Kwa mkono wangu huu."

"Haya. Sasa achana na hicho kigoda, ukikalie."

* * *

"Ndugu Mbwilo," alisema Mkurugenzi Mkuu wa Itifaki, Bwana Remijio Chaula, asubuhi taarifa ilipotangazwa. Mkurugenzi alikuwa mtu mkubwa wa mwili aliyezoea kuongea kana kwamba chumba kina uwanja wa mpira ndani yake. "Taifa limepata fursa."

"Fursa, Mkurugenzi?"

"Pigo. Nilitaka kusema pigo. Andaa beji."

Maana kwetu hapa mtu hafiwi hivihivi. Kila anayehudhuria maziko ya kitaifa huvaa beji inayoonyesha amefiwa kwa kiwango gani. Mfiwa Mkuu, tangu tupate uhuru, ni Mheshimiwa Rais, ambaye pamoja na vyeo vyake vingine vya Mkulima Namba Moja na Mwanamichezo wa Kudumu, ndiye Mfariji Mkuu wa Taifa. Sasa ukiuliza mtu mmoja anawezaje kuwa mfiwa na mfariji kwa wakati mmoja, utakuwa umeanza uchochezi. Mawaziri ni Wafiwa Daraja la Kwanza. Mabalozi, Daraja la Pili. Waumini wa Ndapasi, pamoja na dada yake marehemu aliyezaliwa naye tumbo moja, waliwekwa kwenye kundi la Wafiwa Wengineo, nyuma ya kamba. Watumishi wa wizara nao walikuwa na beji yao ya kijivu, imeandikwa kwa herufi kubwa: MTUMISHI. HALII.

Anakleti aliigeuzageuza ile beji mkononi. "Mkurugenzi, nilikuwa naomba ruhusa siku hiyo. Nimefiwa."

"Pole sana! Umefiwa na nani?"

"Na Baba Askofu."

Mkurugenzi alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemwona mwenzake ameanza kuweweseka. "Kwa kibali gani, Mbwilo? Nafasi za wafiwa zimeshajaa."

Mtu mwenye moyo wa simba angepiga meza. Angesema, huyu ni baba yangu, nanyi na beji zenu tokomeeni. Anakleti wetu alisema, "Sawa, Mkurugenzi," kisha akauliza kama beji ivaliwe upande wa kushoto au wa kulia.

* * *

Siku ya maziko, tatizo lilianzia kwenye kipilefti.

Lazima uelewe Sheria Kuu ya Itifaki ya Bashasha: mkubwa huwasili wa mwisho. Ukifika mahali ukamkuta mwenzako amekaa, wewe ndiye bwana wake. Sheria hii imetulea, na ndiyo maana nchi yetu mpaka leo haijafika popote, kwani kila mmoja anangoja mwenzake atangulie. Wale watu wa Ndapasi wenyewe ni washamba, wana desturi yao kinyume kabisa. Kwao, atakayefika kaburini wa mwisho ndiye anayepewa beleshi afukie, kwa kuwa wenzake wameshachoka. Kwa hiyo Ndapasi watu huwahi msibani kama wanaowahi ugali wa moto. Anakleti aliijua desturi hiyo tangu utotoni, lakini hakuona inahusiana vipi na mambo ya serikali.

Swali lilikuwa: kati ya Mfariji Mkuu na jeneza, nani aingie wa mwisho kwenye uwanja wa kanisa? Jeneza likiingia la mwisho, Mfariji Mkuu atalazimika kusimama kwa ajili ya mtu asiyekuwa hata mbunge. Likitangulia, watu wataanza kulia kabla yeye hajafika, na machozi ya kwanza ni haki yake kikatiba. Wakubwa wote walioulizwa walijibu kwamba suala ni zuri na linahitaji kufanyiwa kazi. Basi misafara yote miwili ikaambiwa isubiri kwenye kipilefti cha kuingilia Ndapasi, mmoja usitangulie mwenzake. Lakini msafara wa Mfariji Mkuu hauruhusiwi kusimama njiani, kwa sababu za kiusalama. Na lori la jimbo lililobeba jeneza liliambiwa liwe nyuma yake wakati wote, kwa sababu za heshima. Ikabidi vyote vizunguke.

Vikazunguka. Vimulimuli, ving'ora, magari meusi ya kung'aa, halafu lori kuukuu la jimbo na Baba ndani yake, na akina mama wanaimba huku wameshikilia mbao. Likipita gari la Mfariji Mkuu, trafiki anapiga saluti. Likipita lori, anavua kofia na kufanya ishara ya msalaba. Baada ya muda mikono ikamchanganya, akawa anampigia saluti marehemu na kumwombea Rais.

Juu ya lori, mbele kabisa, alisimama Mama Skolastika, mwenyekiti wa akina mama wa parokia, aliyempikia Baba tangu akiwa padri kijana. Ni mwanamke wa sauti. Alipomwona Anakleti pembeni ya kipilefti na redio upepo yake, hakungoja zamu.

"Wewe mtoto wa Mbwilo! Mnamzungusha Baba mpaka lini?"

"Shikamoo, Mama. Suala linashughuliki..."

Lori likapita. Likazunguka. Likarudi.

"...linashughulikiwa!"

"Alipokuwa hai gari lilikuwa linamtapisha! Hamna hata huruma?"

Redio upepo nayo ikakoroma kiunoni. "Mbwilo! Toa ufumbuzi! Mfariji Mkuu ameanza kusikia kizunguzungu!"

Hapo Anakleti aliumia kweli. Kila lori lilipopita aliona kona ya jeneza, na kila mara alikumbuka kile kigoda. Lakini unadhani alifanya nini? Alilia? Alisimama katikati ya barabara? Thubutu! Alifanya kile alichofundishwa. Alifunga macho akapekua kanuni kichwani, kifungu kwa kifungu, mpaka akafika kwenye mlango wa Wenyeji.

"Mkurugenzi, nasikika? Marehemu siyo mgeni. Maziko ni yake, Ndapasi ni kwake. Marehemu ndiye mwenyeji. Na mwenyeji hutangulia ili awapokee wageni."

Redio ikakoroma tena. Kisha, kwa sauti ya mtu aliyeona mwanga, Mkurugenzi akasema, "Mbwilo, wewe kichwa." Uamuzi ukaandikwa palepale juu ya boneti ya gari, ukatiwa saini na muhuri, na lori likaruhusiwa kwenda.

Na tuseme ukweli, Anakleti alifurahi. Mtu aliyemlea amelala ndani ya sanduku, naye anatembea kuelekea uwanjani huku anajipongeza kimoyomoyo, anajiona bingwa, anawaza kama hii inaweza kumpandisha Daraja la Kwanza. Aliposhtukia anachowaza, aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

* * *

Furaha yenyewe haikufika mbali.

"Sasa mwenyeji lazima atoe neno la kukaribisha," alisema Mkurugenzi nyuma ya jukwaa, anajipepea kwa ratiba. "Kanuni ndivyo inavyosema."

"Lakini, Mkurugenzi, mwenyeji amekufa."

"Ndiyo maana utasema kwa niaba yake. Wazo lako, mzigo wako. Hotuba hii hapa, imepitiwa na ofisi zote husika."

Anakleti aliipokea. Akaiangalia ratiba. Baada ya Neno la Mwenyeji zilifuata salamu za mawaziri, salamu za mabalozi, salamu za Chama, ngonjera ya watumishi wa bandari, ingawa Bashasha haina bahari, kisha hotuba ya Mfariji Mkuu, ambayo ilikuja na mtu wake wa kuibeba.

"Na kuzika kuko wapi?"

Mkurugenzi aliweka kidole chini kabisa ya karatasi. "Kwenye Mengineyo. Muda ukiruhusu."

"Na mimi, baada ya kusoma?"

"Wewe utakuwa hapa nyuma. Kuna balozi mmoja kaja na mama mkwe."

Anakleti aliutazama mkono wake wa kulia, ule aliomwahidia Baba. Ulikuwa umeshika hotuba.

Kule nje walikuwa wanatambulisha wageni. Kwetu kutambulisha wageni ni sanaa. Kila mheshimiwa anatajwa, anasimama, anapunga mkono, anapigiwa makofi, anakaa. Kisha anatajwa aliyesahauliwa, kisha anaombwa radhi, kisha anasimama tena. Jua lilikuwa limesimama utosini. Chini ya maturubai kulikuwa na feni. Nyuma ya kamba kulikuwa na Wafiwa Wengineo, wamesimama tangu alfajiri, wamejifunika kanga vichwani, na bibi mmoja alikuwa ameshaanguka na kupepewa. Katikati ya uwanja, juani kabisa, kwa kuwa mwenyeji hakai chini ya turubai la wageni, lilikuwa jeneza la Baba, na maua yake yameshalegea.

"Na sasa," ikasema spika, "tumsikilize mwenyeji wetu, Marehemu!"

Wakapiga makofi. Ndiyo, turubai zima.

Anakleti alipanda jukwaani, akaanza kusoma.

"Awali ya yote, mimi Marehemu napenda kumshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutuwezesha sote kufika hapa tukiwa wazima wa afya, isipokuwa mimi."

Nyuma ya kamba watu wakatazamana.

"Nilipokuwa hai nilitamani sana kuiona siku kama ya leo. Kwa namna ya pekee namshukuru Mfariji Mkuu kwa kunijengea mazingira wezeshi ya kufariki. Chini ya uongozi wake nimefariki kwa amani na utulivu, jambo ambalo wenzetu wa nchi jirani..."

"Baba hasemi hivyo!"

Sauti hiyo hata bila spika ilifika mpaka kwenye sofa. Mama Skolastika alikuwa amesimama kwenye kamba, mikono kiunoni.

"Hasemi!" wakaitikia wengine.

"Kama unasema kwa niaba yake, sema kama yeye! Kama huwezi, shuka, usituchoshe!"

"Endelea kusoma," Mkurugenzi alinong'ona nyuma yake kwa meno yaliyofungwa. "Soma, Mbwilo. Soma!"

Anakleti alijaribu. Akaurudia ule mstari wa nchi jirani, akakwama palepale. Akainua macho, akaliona jeneza pale juani, dogo kuliko alivyotarajia. Akamkumbuka mzee akicheka kitandani mpaka akakohoa. Alimpenda yule mzee. Alimpenda kuliko kazi, kuliko daraja, kuliko ile suti, na hajawahi kumwambia mtu yeyote, kwa sababu hakuna aliyemuuliza na yeye hakuwa na kibali. Machozi yakampanda, naye kifuani amebandikwa kuwa halii.

Akaikunja hotuba, akaitia mfukoni. Hakuwa amepanga la kusema. Mdomo ulijisemea wenyewe.

"Basi, wanangu."

Nyuma ya kamba watu walishusha kanga vichwani.

"Jua limepanda."

Mwanamke mmoja nyuma ya kamba akapiga yowe la kilio. Anakleti mwenyewe alitishika, maana sauti iliyotoka haikuwa ile yake ya ofisini. Ilikuwa ya mtoto wa Ndapasi aliyesikia maneno hayo kila Jumapili mpaka yakawa yake.

"Nendeni mkanizike. Kisha mkale."

"Haya, Baba!"

Waliitikia wote kwa pamoja, na kamba ikaanguka. Hakuna aliyeikata, watu walitembea tu. Wanaume wa Ndapasi wakalifikia jeneza, wakalibeba mabegani, akina mama wakaanzisha wimbo, na umati mzima ukageukia kwenye makaburi nyuma ya kanisa.

"Wazuieni!" alifoka Mkurugenzi.

Pengine wangezuiwa. Lakini kiongozi wa bendi ya polisi, alipoona watu wote wanaondoka, alidhani Mfariji Mkuu ndiye anayeondoka, akapiga wimbo wa taifa. Na wimbo wa taifa ukipigwa Bashasha, kila mwenye cheo husimama wima, mikono ubavuni, asitingishike, akitingishika amehaini. Wimbo wetu nao si mfupi, kwa vile kila wilaya ilidai ubeti wake. Basi wakasimama wote: Mfariji Mkuu, mawaziri, mabalozi, wanausalama wenye misuli yao, wamekauka kama nguo juani, wanalitazama jeneza linavyokwenda zake.

Anakleti naye alisimama wima. Ndiyo, naye! Mazoea ni ugonjwa. Alisimama ubeti wa kwanza, akasimama wa pili, na wa tatu ulipoanza kusifu mihogo ya wilaya ya kaskazini, akaruka kutoka jukwaani na kukimbia.

* * *

Alifika anahema. Jeneza lilikuwa limeshashushwa, watu wanapita mmoja mmoja kurusha udongo. Mama Skolastika alikuwa ukingoni, anawapanga. Alimtazama Anakleti kuanzia viatu mpaka kwenye beji.

"Na wewe hapa umekuja kama nani?"

Cheo chake kamili, pamoja na wizara, kilikuwa kinajaza nusu ukurasa. Anakleti aliifungua ile beji ya kijivu, akaidondosha kwenye majani.

"Mfiwa, Mama."

Mama Skolastika aliisukuma ile beji pembeni kwa mguu. Alimshika bega, akampisha.

Anakleti alipiga magoti, akachukua udongo kwa mkono wake ule, akaurusha, akausikia unavyotua juu ya mbao. Kisha akalia. Alilia kwa kelele, kamasi zikamtoka, suti ikachafuka magotini, na muda wote huo hakuwaza kiti hata kimoja.

Wimbo wa taifa ulipoisha, waheshimiwa nao wakaja mbio. Na hapo pakatokea maajabu. Mawaziri, ambao maisha yao yote wamekuwa wakikanyagana ili wawe wa mwisho, walinong'onezwa na mtu fulani habari za beleshi. Ghafla kila mmoja akakumbuka kuwa ana miguu. Walimpita Mfariji Mkuu kushoto na kulia, sketi zimepandishwa, tai zinapepea begani, wakapiga foleni kaburini kama wanafunzi. Mfariji Mkuu akafika peke yake, kwa hatua za kiongozi, wa mwisho kabisa, kama Sheria Kuu inavyotaka.

Mama Skolastika akamkabidhi beleshi.

"Karibu, Baba. Wewe ndiye wa mwisho. Fukia."

"Mama!" Mkurugenzi nusura azirai. "Huyu ni Mfariji Mkuu!"

"Nimemwona. Amechelewa."

Mfariji Mkuu alitazama kulia, akatazama kushoto. Kila waziri alikuwa anatazama mbingu kwa uchungu mkubwa. Akavua koti. Mabeleshi ya kwanza yalimwagika kwenye viatu vyake mwenyewe, ingawa kwa vyeo ni Mkulima Namba Moja. Lakini tumtendee haki: baadaye akashika mwendo, na pale mwisho, akilisawazisha tuta kwa mgongo wa beleshi, alijifuta uso kwa mkono wa shati. Kama ilikuwa jasho au lile chozi la kwanza la kikatiba, wizara haijatoa ufafanuzi.

Kisha watu wakaenda kula. Hotuba ilirudi mjini na mtu wake.

* * *

Mambo hayakuisha hivihivi. Kwanza ulitoka waraka wa kuwataka viongozi wote wawahi misibani, nao kwa utii wakawahi kupita kiasi. Juzi walifika nyumbani kwa mzee mmoja wakiwa na mashada na bendi, mzee akawafungulia mlango mwenyewe, akawakaribisha uji.

Pili iliundwa Tume. Anakleti aliitwa, akaingia huku amekwishaaga nyumbani.

"Nani alifunga hafla kabla ya hotuba ya Mfariji Mkuu?"

"Mwenyeji, waheshimiwa."

"Mwenyeji alikuwa nani?"

"Marehemu. Mimi nilisema kwa niaba yake tu."

Tume ikauliza nani alimfanya marehemu kuwa mwenyeji, Mkurugenzi Chaula akakohoa sana, na ule uamuzi wa kwenye boneti ukaletwa, saini yake ikiwa imekolea vizuri kabisa. Hakukuwa na njia. Kumwadhibu Anakleti kungekuwa kukiri kwamba saini ya serikali inaweza kukosea. Baada ya vikao vingi na chai nyingi, Tume ikamtia hatiani mwenyeji. Marehemu akaandikiwa barua ya kumtaka ajieleze kwa nini asichukuliwe hatua za kinidhamu, na barua hiyo ikapelekwa Ndapasi kwa msafara, ikabandikwa msalabani. Mama Skolastika aliisoma yote, akaibandua, akawashia moto wa maharage.

Lakini serikali haisahau. Faili liko wazi mpaka marehemu ajibu, na mtu wa kufuatilia majibu akateuliwa: Anakleti Mbwilo, kwa kuwa anamfahamu mhusika.

Kwa hiyo kila wiki, kwa amri halali ya Jamhuri ya Bashasha, Anakleti hupanda basi kwenda Ndapasi. Huvua viatu, huketi chini kwenye majani kando ya kaburi, bila kiti, humsimulia Baba habari za mkewe na za wizara, na hung'oa magugu. Jua likipanda, Mama Skolastika humwita akale. Kisha hurudi mjini, hujipangusa udongo magotini, na kubisha hodi ofisini kwa Mkurugenzi.

"Enhe, Mbwilo. Amejibu?"

"Bado, Mkurugenzi," husema Anakleti. "Itabidi nirudi."